GARI LINATEMBEA, LAKINI LIMECHAJIWA?



Andiko la leo ni Marko 1:32-38. Kama Biblia iko karibu, soma kwanza, kisha urudi hapa.

Wengi wenu mmeniuliza baada ya ibada, mkiwa mmesimama kando ya gari langu pale nje: "Pastor, hii ni ya stima ama ya mafuta?" Jibu ni kwamba ni ya vyote viwili. Leo nataka kukueleza linavyofanya kazi, kwa sababu kuna jambo ndani yake linalonihusu mimi na wewe, hasa wewe unayehudumu kanisani.

Ni Mitsubishi Outlander iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, kama magari mengi ya Kenya. Lina injini ya petroli ya lita 2. Lina pia mota mbili za umeme, moja mbele na moja nyuma, na betri kubwa chini ya sakafu yenye uwezo wa kilowati-saa 12. Halifanani na Toyota Prius au Aqua mnazozijua barabarani. Zile za kawaida hazichomekwi popote, hujitengenezea umeme wao zikiwa safarini. Langu lina matundu mawili: moja la kutia petroli, na moja la kuchomeka waya wa stima. Kwa lugha rahisi, ni haibridi ya kuchaji.

Ukilichaji usiku, asubuhi linaondoka kimya hata mbwa wa jirani hainui kichwa. Lilipokuwa jipya, vipimo vya Japani vilisema lingeenda kilomita 60 kwa chaji moja. Sasa betri imezeeka na barabara zetu ni zetu, kwa hiyo mimi napata thelathini na kitu. Zinanitosha. Nyumbani hadi kanisani na kurudi ni kilomita 26. Mwaka 2025 lita ya petroli hapa Nairobi haikushuka chini ya shilingi 170, na kwa hesabu yangu umeme wa safari hiyo hugharimu karibu nusu ya petroli.

Sasa nisikilize vizuri.

Gari la umeme mtupu likiisha chaji, linasimama. Linakusimamisha katikati ya Thika Road, matatu zinakupigia honi, na kila mtu anajua una shida. Langu halifanyi hivyo. Likiisha chaji, injini inawaka yenyewe na safari inaendelea. Redio inaimba, taa zinawaka, abiria wa nyuma wanaongea. Hakuna mtu barabarani anayeweza kukutazama akajua kwamba betri yako iko chini.

Ukisahau kuchaji leo, utafika. Ukisahau kesho, utafika. Unaweza kukaa mwaka mzima bila kuchomeka ule waya hata mara moja, na kila Jumapili ukafika kanisani kwa wakati. Ila utakuwa unachoma petroli kila siku, huku umebeba betri yenye uzito wa zaidi ya kilo 100 isiyokusaidia chochote. Ni kama kubeba abiria mnene kila siku, asiyelipa nauli.

Usidhani ni mfano wa kutunga. Mwaka 2018 iliripotiwa Uingereza kwamba baadhi ya haibridi za kuchaji zilizokuwa magari ya kampuni zilirudishwa baada ya miaka ya matumizi, na waya wa kuchaji ukakutwa kwenye buti, bado umefungwa vile ulivyotoka kiwandani. Magari yalinunuliwa kwa sababu yalikuwa na unafuu wa kodi. Jina lilikuwa la umeme, maisha yalikuwa ya petroli. Kisha Machi 2024 Tume ya Ulaya ikatoa ripoti iliyotokana na kumbukumbu za magari yenyewe yakiwa barabarani. Haibridi za kuchaji zilikuwa zinatoa kaboni, kwa wastani, mara 3.5 ya kiasi kilichopimwa maabara. Sababu kubwa ilikuwa rahisi: watu hawakuwa wanazichaji kama ilivyotarajiwa.

Mpendwa, Biblia yako iko wapi sasa hivi? Sisemi ile ya kwenye simu. Ile yenye kasha la zipu. Zipu ilifunguliwa lini mara ya mwisho, siku ambayo haikuwa Jumapili?

Mtumishi anaweza kuhudumu bila maombi. Nalisema wazi, maana tumewazoesha watu kuamini kwamba asiyeomba ataanguka mara moja na wote wataona. Hapana. Mwenye kipawa cha kuimba ataimba. Mwenye ulimi wa kuhubiri atahubiri, na watu watasema Amina. Mwenye uzoefu wa miaka 20 atajua ni saa ngapi ya kupandisha sauti na ni saa ngapi ya kuishusha. Injini inawaka yenyewe.

Kumbuka Samsoni, Waamuzi 16. Kinachonitisha pale si nywele. Ni kwamba aliamka akidhani atatoka na kujinyoosha kama siku zote, na hakujua kwamba Bwana amemwacha. Hakuhisi tofauti. Wa kwanza kuiona tofauti walikuwa Wafilisti.

Kuna dada mmoja wa kikosi cha sifa ambaye ameniruhusu kusimulia jambo lake bila jina. Kwa miaka mitatu aliongoza sifa, na mimi mwenyewe nilikuwa nikimtazama namshukuru Mungu. Watu walilia akiimba. Hakukosa zoezi la Jumamosi, hakukosa kesha. Mwaka uliopita mama yake alilazwa. Usiku mmoja mama akamshika mkono akamwambia, "Mwanangu, niombee." Dada akainama. Aliniambia hivi: "Pastor, nilifungua kinywa nikatafuta maneno yangu mwenyewe ya kumwambia Mungu, nikakuta nyimbo tu. Nilimwimbia. Lakini nilijua sina kitu."

Aliporudi, alitarajia nimwambie aongeze kufunga, aje na kesha za katikati ya wiki pia. Nilimwomba akae chini. Miezi miwili, bila maikrofoni, bila zoezi, bila zamu. Alilia akidhani namwadhibu.

Hapo ndipo gari langu lilinisaidia kumweleza. Ukichomeka waya wa kuchaji kwenye gari hili, halikubali kuondoka. Bonyeza kitufe utakavyo, limekataa. Waliolitengeneza walijua kwamba dereva mwenye haraka anaweza kuondoka na waya umening'inia, akaung'oa pamoja na soketi ya ukutani. Kwa hiyo mambo ni mawili: ama unachaji, ama unaendesha. Huwezi vyote kwa wakati mmoja.

Rudi sasa kwenye Marko 1. Jioni ile mji wote ulikuwa mlangoni. Yesu aliponya wengi, akatoa pepo wengi. Huduma ilikuwa imefunguka kuliko wakati wowote. Lakini kabla hakujapambazuka aliamka, akatoka, akaenda mahali pasipo na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata mbio wakamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Ona basi: wagonjwa walikuwepo, shida zilikuwa za kweli, na Mwana wa Mungu alikuwa ameegesha. Kama Yeye aliegesha, wewe ni nani hata useme huduma itaanguka usipokuwepo?

Kuna mambo matatu zaidi nimejifunza kwa kulitunza gari hili.

La kwanza, petroli si dhambi. Nisieleweke vibaya. Siku ninayokwenda mazishi Nyeri au Kitui, chaji inaisha mapema na ni injini inayonifikisha. Tena ukikaa muda mrefu mno kwa stima tu, petroli ikalala kwenye tangi, gari lenyewe litawasha injini, maana mafuta yakikaa yanaharibika. Elimu yako, kipawa chako, bidii yako, mpangilio wako mzuri, vyote Mungu alikupa uvitumie. Usimwambie mtu aache dawa za hospitali eti aombe tu. Kosa si kuwa na petroli. Kosa ni kufanya msaidizi wa safari ndefu kuwa ndiye mwenye gari.

La pili, kuchaji ukiwa njiani ni ghali. Kuna kitufe ndani ya gari cha kuiamuru injini ijaze betri wakati unaendesha. Kinafanya kazi, lakini petroli inaisha ukiitazama. Ndugu yangu, kama maombi yako yote ni yale unayoomba madhabahuni ukiwaombea wengine, na Neno unalosoma ni lile la kuandaa mahubiri, unatumia kitufe hicho. Utapata chaji kidogo, na utachoka sana. Watu wa nyumbani kwako ndio wanaoijua hiyo harufu ya kuchoka.

La tatu, nguvu haitoki kwenye gari. Kwa soketi ya kawaida, langu linahitaji saa nne au tano hivi kujaa. Huwezi kulikaripia lijae haraka. Nalichomeka nikienda kulala, na nikiwa nimelala, umeme unaingia ambao mimi sikuutengeneza. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutoka kwenye mvuke wa ardhini kule Olkaria, mwingine kwenye mabwawa ya Mto Tana, mwingine kwenye upepo wa Marsabit. Sijawahi kuchimba kisima cha mvuke. Kazi yangu ni kuchomeka na kungoja. Maombi ya faragha ndivyo yalivyo. Hayana kelele wala kamera, na mara nyingi hutasikia chochote kikitokea. Unasoma Zaburi moja, unanyamaza, unamtaja Mungu mambo yako kwa majina yake, unaamka unaenda kazini. Asubuhi hiyo hutajua kama umeongezewa kitu. Utakuja kujua siku mama atakaposhika mkono wako.

Basi, kanisa langu, tunafanya nini?

Kuanzia mwezi ujao, kila anayehudumu (sifa, mitambo, watoto, mapokezi, wazee pia) atakuwa na Jumapili moja kila mwezi ya kukaa kwenye viti kama mtu mwingine yeyote. Kama sauti itakuwa pungufu siku hiyo, iwe pungufu. Na ukimwona mtumishi ameketi, usimwendee na swali la "Kwani ulikosana na Pastor?" Msalimu, mpishe, mwache achaji.

Mimi pia. Saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili asubuhi simu yangu imezimwa. Kukiwa na dharura ya kweli, ya kifo au hospitali, Mama Mchungaji ataniita. Mengine yote yanaweza kungoja saa moja, kama Simoni alivyolazimika kungoja.

Na wewe, wiki hii, tafuta mahali pa kuegesha. Si lazima pawe kwenye mlima wa maombi. Kuna mama mmoja hapa kwetu anayeamka dakika 20 kabla ya watoto na kukaa jikoni, taa imezimwa, chai ikichemka. Kuna kijana wa boda ambaye hakubali mteja wa kwanza kabla hajasoma sura moja akiwa ameketi juu ya pikipiki yake. Dakika 20, mahali pamoja, kila siku, hadi Jumapili. Usimwambie mtu. Usiweke kwenye status.

Wengi wameniuliza habari za yule dada. Miezi yake miwili iliisha, akaomba aongezewe mmoja. Mama yake bado anaumwa. Jioni akitoka kazini hupitia kwake, anamsomea Zaburi, kisha wanaomba wote wawili, kwa zamu, kwa maneno yao wenyewe. Jumapili moja amerudi kuimba. Nilisimama pale nyuma nikasikiliza. Sauti ni ileile, na pengine wewe hukuona tofauti yoyote. Mama yake ameiona.

Tuombe.

Baba, wewe unaona kile ambacho barabara nzima haioni. Unajua nani kati yetu anatembea na betri tupu huku akitabasamu mlangoni. Tusamehe kwa kuhesabu kufika kwetu kuwa ndiyo uhai wetu. Mpe anayesoma haya ujasiri wa kuegesha kabla hajalazimishwa. Wakumbuke waliochoka na wanaogopa kusema. Mguse mama aliye kitandani, na umtie nguvu binti yake. Utufundishe kungoja mbele zako, hata wakati hatusikii kitu. Kwa jina la Yesu. Amina.

Kama kuna mtumishi aliyekujia akilini ulipokuwa ukisoma, usimtumie ujumbe huu kwanza. Mpigie simu, umuulize anaendeleaje, na umpe nafasi ajibu kwa kweli.

Mungu awabariki. Tuonane Jumatano kwenye maombi.

Pastor wenu