Mlango wa Darasa

Ukiniuliza, msomaji, naamini nini juu ya elimu, nitakusimulia habari ya mlango. Nilikuwa ningali chuoni Shanzu, nikapelekwa Likoni kwa mazoezi ya kufundisha. Mtoto mmoja alichelewa, nikamfungia nje. Sikumpiga, kwani fimbo ilikatazwa shuleni Kenya mwaka 2001, nami nikajiona mpole. Somo lilikuwa faida na hasara. Niliuliza swali, darasa likanyamaza. Jibu likaja kutoka dirishani, tena sahihi. Kumbe tangu alfajiri alikuwa kivukoni akiuza mahamri ya mamake, akirudisha chenji kwa abiria wanaokimbilia feri. Niliona haya, nikamfungulia. Siku hizi mlango wangu haufungwi. Wenzangu hulalamika kwamba kelele za barabarani huingia darasani. Ni kweli, huingia.