Moto wa Dungu
"Moto wa dungu hauchochewi, unasogezwa." Hilo ndilo somo la kwanza nililopewa na babu nilipoanza kulala naye shambani juu ya dungu, jukwaa la kulindia mazao, bondeni Kilombero, kabla milima ya Udzungwa iliyo juu yetu haijafanywa hifadhi mwaka 1992.

Alilaza magogo matatu ya mkwaju, vichwa vikikutana katikati. Kila nikishtuka usingizini nilishuka ngazi, nikayasukuma kwa kisigino, shubiri moja tu, nikapanda tena. Mimi nilipenda ndimi za moto, basi siku moja nikarundika matawi makavu mpaka dungu lote likang'aa. "Unampikia nani?" babu akauliza. Kweli, mwanga ule ulinipofusha. Nje ya duara la moto sikuona hata bua moja. Nguruwe pori, alisema, haogopi moto. Anamwogopa mtu aliye macho, na moto ndio unaomweleza kwamba yupo.

Usiku mmoja nililala fofofo. Asubuhi majivu meupe, umande juu yake, na mahindi yamelazwa kama mkeka. Babu hakunigombeza. Alichokoa majivu kwa kijiti hadi chini kabisa, akapata kaa jekundu, dogo kama punje ya kunde, akaliwekea maganda makavu ya mahindi na kupuliza taratibu, machozi yakimtoka kwa moshi. Uji wa asubuhi ulipikwa kwa kaa lile.

Mikwaju imekwisha, mingi iliishia kwenye magunia ya mkaa. Siku hizi mtu akiwasha gogo la mwembe, saa saba ya usiku limeshakuwa vumbi. Na adui naye si nguruwe tena bali tembo, ambaye tochi na madebe alishayazoea.

Mwaka jana nililala kwenye dungu la mpwa wangu. Yeye hana magogo. Ana matofali ya kinyesi cha tembo kilichochanganywa na pilipili kichaa iliyotwangwa, yaliyokaushwa juani. Analiweka moja juu ya kaa, upande upepo unakotoka, nalo linafukuta kwa saa nyingi bila ndimi hata moja. Moshi wake, shahidi yangu ni koo langu, hauna mchezo.

Usiku wa manane nikashtuka, nikashuka, nikalisukuma kwa kisigino. Likavunjika vipande. Tulikohoa wote wawili hadi tukakimbilia kwenye mpunga.

"Mjomba," akasema alipopata pumzi, "hili halisogezwi."