Msikiti wa Ross, Katikati ya Mashamba ya Ngano



Dada yangu ana mwana aendeshaye lori Marekani, katika jimbo la North Dakota lililo mpakani mwa Kanada. Kila tunapokutana huniuliza swali lile lile: "Kaka, mwanangu akifishwa huko, ni nani atakayemwosha na kumzika?" Nilikuwa nikimjibu kwa haraka kwamba ardhi yote ni ya Mwenyezi Mungu. Ni jibu sahihi, lakini mama hashibi kwa jibu sahihi. Ndipo mpwa wangu akanipigia simu na kunihadithia kijiji kiitwacho Ross, nami nikaenda kukisoma.

Ross ni kijiji kidogo mno, kisichofikisha watu mia na hamsini. Kiko katika wilaya ya Mountrail, magharibi ya mji wa Stanley, kando ya barabara kuu namba 2 na reli iliyotandazwa mwaka 1887, ambayo baadaye iliitwa Great Northern. Ardhi yake ni mbuga ya majani yenye mabonde mafupi, haina msitu wa kuzuia upepo, na bahari iko mbali pande zote. Wakati wa baridi kipimo huweza kushuka chini ya nyuzi 30 kasoro sufuri. Sisi tulioulalamikia upepo wa kusi tangu utotoni tungenyamaza huko.

Kwenye nchi hiyo, karibu na mwaka 1900, walifika Waislamu kutoka Sham, katika vijiji vilivyokuwa chini ya dola ya Uthmaniya. Wengi wao walitoka Bire, karibu na Rashaya, sehemu ambayo leo ni Lebanon. Wa mwanzo kutajwa ni Hassen Juma, na jamaa wakamfuata, kama ilivyo desturi ya wasafiri wote: mmoja hutangulia, kisha huandika barua. Baadhi yao walianza kwa kutembeza bidhaa mashambani, mzigo mgongoni, nyumba hata nyumba.

Kilichowavuta ni ardhi. Sheria ya mwaka 1862 ilimruhusu mtu kujipatia ekari 160 za serikali, kwa sharti akae hapo miaka mitano, ajenge na kulima. Lakini aliyetaka kuiomba ardhi hiyo alipaswa awe raia, au awe ametangaza nia ya kuwa raia, na uraia kwa wageni wakati huo ulifungwa kwa rangi: mweupe au mwenye asili ya Afrika. Je, mtu wa Sham ni mweupe? Mahakama zilivutana miaka kadhaa, hata mwaka 1915 mahakama ya rufaa ikaamua katika kesi ya George Dow, Mkristo kutoka Sham, kwamba watu wa huko wahesabiwe weupe. Fikiria, ndugu msomaji, mtu amekwisha kulima ngano na kitani, amezika watoto, na bado rangi yake inajadiliwa na mahakimu wasiomjua.

Waliswali majumbani. Mwaka 1929 wakajenga msikiti, mmoja katika misikiti ya mwanzo kabisa iliyojengwa makusudi kwa ibada nchini humo. Haukuwa na fahari. Nusu yake ilizama ardhini, jambo la hekima kwa nchi yenye baridi vile. Na kando yake yakawa makaburi. Mwaka huo huo uchumi wa dunia ukaanguka, kisha ukaja ukame wa miaka ya 1930, na wengi wakahama. Waliosalia waliishi kati ya Wanorwei wa madhehebu ya Luther, majirani wema, wakaoleana nao. Majina yakabadilika, Kiarabu kikapungua ndimi, na watoto wengi wakafuata kanisa la mama zao. Mwishoni mwa miaka ya 1970 jengo lenyewe likabomolewa.

Hapa ndipo niliposita kusoma. Hakuna aliyewalazimisha, hakuna aliyewapiga. Walikosa chuo cha kusomeshea watoto, na umbali kati ya shamba na shamba ukafanya kazi yake. Mji wa Cedar Rapids, katika jimbo la Iowa, una msikiti wa mwaka 1934 ambao ungali umesimama. Huko watu walikuwa wa mjini, wakikaa karibu karibu.

Hata hivyo kizazi hakikusahau kabisa. Mwaka 2005 ukajengwa msikiti mwingine mahali pale pale, mdogo wa miraba minne, wenye kuba na minara mifupi. Haupiti chumba cha madrasa zetu. Mwaka mmoja baadaye mafuta ya mwamba wa Bakken, yaliyo kilomita tatu hivi chini ya ardhi, yakaanza kuchimbwa kwa wingi wilayani humo, na malori yakaja. Mmoja wa madereva wake akawa mpwa wangu.

Alinipigia simu akiwa amesimama pale, nje ya lango la makaburi, saa za alasiri. Aliniuliza kibla. Sisi wa pwani hii hatuhangaiki, kwani Makka iko kaskazini yetu karibu sawasawa. Kwa Ross hesabu ni nyingine: ukifuata mviringo wa dunia, njia fupi huelekea kaskazini-mashariki, nyuzi zipatazo 36 kutoka kaskazini, ingawa ramani ya ukutani hukufanya udhani ni kusini-mashariki. Nilimwelekeza. Akaniuliza pia Isha ya mwezi wa Juni, maana huko wakati huo weusi wa usiku hauzidi saa chache, na shafaki ya magharibi hukaribia kukutana na alfajiri. Nikamwambia hilo lina masuala yake, tutalizungumza.

Alisoma Fatiha kwa wasiowajua, akanisomea majina yaliyokuwa juu ya mawe, mengine ya Kiarabu, mengine ya Kizungu. Nilimwomba anyamaze kidogo, nikampa simu mamake. Naye hakuuliza habari za kuzikwa. Aliuliza kama amevaa koti zito.