Kumngoja Bwana si Kukaa Bure

Ndugu msomaji, kama wewe ni Mkristo, bila shaka kila Jumapili huikiri imani kwa sauti pamoja na wenzako, na ndani yake limo fungu linalohusu kurudi kwa Yesu. Aghalabu tunalipita fungu hilo mbio mbio, kama abiria anavyokipita kituo asichoshukia. Na kama wewe ni Mwislamu, tafadhali usiufunge ukurasa huu, maana wewe nawe umefundishwa kwamba Nabii Isa atashuka tena kabla ya Kiyama. Jambo hili, basi, lina wenyewe wengi katika nyumba zetu za mjini.

Nilipokuwa chuoni nikisomea uandishi wa habari, tulifundishwa kwamba habari isiyojibu swali la "lini" haijakamilika. Lakini katika habari hii ya kurudi kwa Bwana, swali la "lini" ndilo lililofungiwa mlango. Injili ya Marko inaeleza kwamba siku hiyo wala saa hiyo hakuna aijuaye, hata malaika, ila Baba peke yake. Ni ajabu kuona jinsi watu walivyo wepesi kulijibu swali ambalo Bwana mwenyewe hakulijibu.

Yapata mwaka 50, Mtume Paulo aliwaandikia Wakristo wa Thesalonike, mji wa bandari wenye pilikapilika kama Dar es Salaam yetu au Mombasa. Wasomi wengi husema kwamba waraka huo wa kwanza ndio wa zamani kuliko nyaraka zake zote tulizo nazo. Watu wale walikuwa na majonzi. Walikuwa wakimtazamia Bwana, mara baadhi ya wenzao wakafariki kabla hajarudi. Je, wale marehemu wamepitwa? Paulo akawajibu kwamba hawakupitwa hata kidogo, kwa kuwa ndio watakaofufuliwa kwanza, na walio hai watafuata. Angalia, ndugu msomaji, mahali lilipozaliwa swali lenyewe. Lilizaliwa matangani.

Nalielewa jambo hili kwa sababu ya shangazi yangu, mkazi wa Mwanza. Tarehe 21 Mei, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama katika Ziwa Victoria ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza, ikachukua roho za mamia ya watu. Mwanawe alikuwamo. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, ninachokumbuka ni watu wazima waliokaa mikekani bila kusema. Maiti yake haikutambuliwa. Huenda yumo miongoni mwa waliozikwa katika makaburi ya Igoma, huenda ziwa lilibaki naye. Shangazi huenda Igoma, lakini hana kaburi ambalo anaweza kulishika kwa mkono akasema, "Hili ni la mwanangu."

Siku moja nilimwuliza, kwa adabu ya mtoto kwa mkubwa wake, anangoja nini hasa anaposema kwamba anamngoja Bwana. Akanijibu, "Mwanangu, mtoto wangu sikumwosha wala sikumvika sanda. Nangoja siku nitakayomwona uso." Hakutaja mbingu wala dhahabu. Tangu hapo kila nisikiapo mtu akilifanyia mzaha tumaini hili, nakumbuka kwamba kuna watu ambao kwao ni miadi ya kuonana na mtu wanayemfahamu kwa jina.

Ndiyo sababu nakereka sana na wauza tarehe. Jirani yangu mmoja, fundi cherehani mwenye watoto watatu, aliambiwa na mhubiri kwamba mwaka ule hautakwisha. Akauza cherehani yake, fedha akazipeleka kwa mhubiri. Mwaka ukaisha kama iishavyo miaka yote, na Januari ikaingia na ada za shule. Sasa hushona kwa cherehani ya kukodi. Mhubiri alihama mtaa.

Makosa haya si ya leo. Huko Marekani, mkulima mmoja aitwaye William Miller alipiga hesabu kutoka kitabu cha Danieli, na hatimaye wafuasi wake wakaishika tarehe 22 Oktoba, 1844. Baadhi yao waliacha mazao shambani bila kuyavuna. Kulipokucha tarehe 23 walilia. Miller, walau, hakuwa mlaghai, naye alikufa mwaka 1849 akiwa bado anatazamia. Kwetu Afrika Mashariki mambo yamekuwa mabaya zaidi. Kanungu nchini Uganda, Machi 17, 2000, mamia ya watu waliteketea katika nyumba ya ibada. Shakahola nchini Kenya, mwaka 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miongoni mwao walikuwamo watoto. Sioni neno la upole la kuliita jambo hilo.

Hata Thesalonike walikuwapo walioacha kazi. Katika waraka wa pili wanakaripiwa waziwazi, na wanaelezwa kwamba asiyependa kufanya kazi asitazamie chakula. Paulo alikuwa na haki ya kusema, kwani alikuwa fundi wa kushona mahema. Tena wapo warithi wa huzuni ile ya 1844 walioelewa. Kutokana na watu hao lilizaliwa kanisa la Waadventista Wasabato, lililoundwa rasmi mwaka 1863 na kufika Upare mwaka 1903. Mpaka leo hawajaacha kuhubiri kwamba Bwana yu karibu, na papo hapo hujenga shule na hospitali, majengo ambayo mtu hayajengi kwa ajili ya wiki mbili.

Shangazi naye alitembelewa na mhubiri wa namna ile ya jirani yangu. Akamkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho. Alipoombwa auze kiwanja chake atoe sadaka ya mwisho, akauliza kwa utulivu, "Mtumishi, kama Bwana anakuja mwezi ujao, hizo fedha wewe utazitumia lini?" Mtumishi akamaliza chai, akaaga.

Wiki iliyopita shangazi alinipigia simu. Jikoni kwake panavuja, anataka mabati sita. Alinisisitizia yawe ya geji 28, nisimletee yale ya geji 30, kwa kuwa, alisema, hayo hayadumu.