Mashabiki wa Hartford

Nilipohamia Hartford, mji mkuu wa jimbo la Connecticut huko Marekani, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, mji ule ulikuwa umekwisha kuipoteza timu yake ya magongo ya barafuni, Whalers, iliyohamishiwa Carolina ya Kaskazini mwaka 1997, na wenyeji wake, ambao aghalabu walikuwa makarani na mawakala wa yale makampuni ya bima yaliyoupa mji sifa duniani, hawakuwa na timu nyingine kubwa ya kuiita yao ila ile ya mpira wa kikapu ya Chuo Kikuu cha Connecticut. Msomaji wa kwetu huenda akastaajabu kusikia kwamba vijana wa chuo, ambao asubuhi huketi darasani na jioni hufanya mazoezi, waliweza kuujaza ukumbi wa watu zaidi ya 15,000 katikati ya majira ya baridi. Lakini katika majimbo mengi ya nchi ile, hususan yale madogo yasiyo na timu za kulipwa, timu ya chuo ndiyo timu ya umma, na mtu ambaye hakupata kukanyaga chuo hicho hata siku moja huivalia rangi zake kama mtu aliyezaliwa Kariakoo avaavyo za Simba au Yanga, kwa urithi na bila ya kuulizwa sababu.

Chuo chenyewe kiko Storrs, kijiji kilichozungukwa na mashamba ya ng'ombe wa maziwa, mahali ambapo mwaka 1990 kilifunguliwa kiwanja cha ndani kiitwacho Gampel Pavilion, chenye nafasi ya watu wapatao 10,000, na michezo ya msimu iligawanywa baina ya kiwanja hicho na ukumbi mkubwa wa Hartford. Wazee wa mji waliusimulia ukumbi huo kwa taadhima, kwa sababu alfajiri ya tarehe 18 Januari 1978 paa lake liliporomoka kwa uzito wa theluji, saa chache tu baada ya maelfu ya watazamaji wa mchezo wa chuo kutoka na kwenda zao majumbani, asidhurike hata mtu mmoja. Nilikutana na watu kadhaa walioniambia kwamba walikuwamo ndani usiku ule. Na waliponieleza walivyoamka na kusikia habari ile redioni, nilifahamu kwamba kwao ukumbi huu ulikuwa umekwisha kuwa sehemu ya historia ya nyumba zao.

Majirani zangu wa viti walikuwa mume na mke waliokwisha staafu, yeye mzee akiwa fundi wa zamani wa injini za ndege katika kiwanda cha East Hartford. Mkewe alikuja kila mara na daftari la shule na kalamu ya risasi iliyochongwa nyumbani, na humo aliandika mchezo mzima: kistari kimoja kwa kikapu cha pointi mbili, vistari viwili vilivyopishana kwa kikapu cha pointi tatu, kiduara kwa mtupo huru, kiduara kilichopakwa kikawa cheusi kwa mtupo huru ulioingia, na faulo zikiorodheshwa pembeni kwa herufi ya kwanza ya jina la mchezaji. Mchezo ulipokwisha alihesabu, akalinganisha na ubao wa ukutani, na ikiwa hesabu zimekubaliana alilifunga daftari kwa uradhi mkubwa. Ni yeye aliyenifunza mchezo huu, na alinifunza kwa watu kabla ya kanuni: huyu alikuja akiwa hajui kutumia mkono wa kushoto, mtazame sasa katika mwaka wake wa tatu, yule mama yake huja kutoka mbali kwa basi, huyu mwakani atakuwa nahodha. Alimtaja Ray Allen, aliyeondoka mwaka 1996, kwa sauti ambayo watu huitumia kumtaja mtoto wa mtaa wao aliyefanikiwa ugenini.

Kocha wakati ule alikuwa Jim Calhoun, mtu mkali mwenye lafudhi ya Boston, aliyeishika timu tangu mwaka 1986. Na mwezi Machi wa mwaka 1999 vijana wake, wakiongozwa na Richard Hamilton na Khalid El-Amin, waliishinda Duke 77 kwa 74 wakautwaa ubingwa wa taifa kwa mara ya kwanza. Nderemo za siku zile nimezishuhudia, walakini zilizonifungamanisha na viti vile ni jioni za kawaida za Januari, wapinzani walipokuwa Providence, Boston College, Syracuse, Georgetown na St. John's, yaani vyuo vya ligi ya Big East, iliyoundwa mwaka 1979 kwa kukusanya shule za miji ya mashariki ambazo mashabiki wake walifanya kazi ofisi moja, walioana, na asubuhi yake walisimangana kazini. Mtu wa Providence aliweza kufika Hartford kwa gari katika muda usiozidi saa mbili, akaja na wanawe, akakaa nyuma yetu, akatutukana kwa adabu, na mwakani tukamkuta tena.

Kisha akaja Hasheem Thabeet. Kwa sisi wachache tuliotoka Afrika Mashariki, kumwona kijana wa Dar es Salaam, mwenye kimo cha mita 2.21, aliyeanza kuushika mpira wa kikapu akiwa amekwisha kuwa mvulana mkubwa, akisimama chini ya kikapu cha Connecticut na kuirudisha mitupo ya wapinzani kana kwamba anafukuza inzi, ilikuwa fahari nisiyoweza kuieleza nusu yake. Alicheza misimu mitatu, tangu mwaka 2006 hadi 2009. Miaka miwili mfululizo makocha wa nchi nzima walimteua kuwa mlinzi bora, na mwaka wa mwisho aligawana na mchezaji mwingine tuzo ya mchezaji bora wa Big East kabla ya kuchaguliwa wa pili na timu za NBA, ligi kuu ya kulipwa, akawa Mtanzania wa kwanza kuingia humo. Nakumbuka kwamba bibi wa daftari, alipoona msimu wa kwanza kijana akianguka anguka na kupata faulo za haraka, hakukata tamaa. Aliandika herufi yake pembeni, akaniambia nisubiri. Msimu wa tatu aliniuliza neno la kwetu la kumwambia mtu azuie, nikamwambia, na tangu siku hiyo bibi yule wa New England alipiga ukelele wa "zuia!" kila mpinzani alipokaribia kikapu. Misimu ile mitatu ndiyo kipimo changu cha jambo hili zima: upendo ulipata muda wa kukua pamoja na mchezaji.

Usiku wa tarehe 12 Machi 2009, katika ukumbi wa Madison Square Garden, Connecticut na Syracuse walicheza hadi muda wa nyongeza wa sita, na Syracuse wakashinda 127 kwa 117 ilipokuwa imepita saa saba ya usiku. Hakuna aliyejua kwamba tulikuwa tunatazama alasiri ya ligi ile. Mwaka 2011 Syracuse na Pittsburgh walitangaza kuondoka, na sababu haikuwa mpira wa kikapu hata kidogo: ilikuwa kandanda ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu na mabega ya bandia, ambao televisheni huulipia fedha nyingi kupita michezo mingine yote ya vyuo, na kila chuo kilikuwa kinatafuta ligi ya kukipatia fungu nono. Kilichonisikitisha zaidi ni kwamba ESPN, chaneli iliyouchukua mpira wa kikapu wa vyuo na kuufikisha kila nyumba, ilizaliwa mwaka ule ule wa 1979, tena Bristol, mwendo mfupi kutoka Hartford. Televisheni iliikuza Big East tangu utotoni mwake, na fedha za televisheni ndizo zilizoivunja. Mwaka 2013 vyuo vya Kikatoliki vilijitenga vikaondoka na jina la ligi, na Connecticut ikaachwa katika ligi mpya pamoja na vyuo vya Texas, Florida na Tennessee, na baadaye Tulsa, mji ulio zaidi ya kilomita 2,000 kutoka ukumbini kwetu.

Naomba nieleweke, kwa kuwa wengi husema mashabiki walikimbia kwa sababu timu ilishindwa. Mwaka 2014, katika msimu wa kwanza wa ligi hiyo ngeni, timu ilitwaa ubingwa wa taifa kwa kuishinda Kentucky 60 kwa 54, ikiongozwa na Shabazz Napier, kijana aliyekaa chuoni miaka minne kamili, hata mwaka uliotangulia ambapo timu ilikatazwa kucheza mashindano ya mwisho kwa sababu ya matokeo ya darasani. Na bado viti vya ngazi ya juu vilibaki vitupu mbele ya wageni ambao hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na shemeji kwao. Kushindwa kulikuja baadaye, kukazidisha maradhi yaliyokuwapo. Mzee fundi alinieleza kwa maneno machache: hana ugomvi wowote na watu wa Tulsa, na huwezi kuendesha gari katika theluji usiku kwenda kumzomea mtu usiye na ugomvi naye.

Wala hayakuwa maradhi ya Hartford peke yake. Wastani wa watazamaji katika michezo ya wanaume ya daraja la kwanza la vyuo, ambao mwaka 2007 ulipita watu 5,000 kwa mchezo, uliteremka karibu mfululizo kwa zaidi ya miaka kumi. Saa za michezo zilipangwa kwa matakwa ya watangazaji, nyingine zikaanzia saa tatu ya usiku katikati ya wiki ya kazi. Mchezo wenyewe, ambao una vipindi viwili vya dakika 20, ulikatwa kwa mapumziko ya matangazo mara nne katika kila kipindi, na aliyeko nyumbani akaenda jikoni kupasha chai ilhali aliyelipa tiketi akikaa kuwatazama wachezaji wakijifuta jasho. Vyuo vingi navyo vikaanza kudai mchango kabla ya kumruhusu mtu kununua viti vizuri vya msimu, na sheria ya kodi ya mwaka 2017 ikaondoa nafuu iliyowawezesha wachangiaji kukata asilimia 80 ya mchango huo katika mapato yao ya kutozwa kodi. Mtu mwenye kipato cha wastani, aliyekuwa akija na watoto wake wawili, alipiga hesabu akaona kwamba runinga kubwa ni rahisi kuliko msimu mmoja.

Kuhusu wachezaji wenyewe, sina kinyongo nao hata chembe. Mwaka 2010 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiliuza haki za kutangaza mashindano ya Machi ya ubingwa wa taifa kwa dola bilioni 10.8 kwa miaka 14, makocha walikuwa wakilipwa mamilioni, na kijana aliyewavuta watu hakuruhusiwa kupokea hata ujira wa kutumia jina lake mwenyewe. Dhuluma hiyo iliondolewa Julai 2021, na tangu mwaka 2025 vyuo vinaweza kuwalipa moja kwa moja, na hiyo ni insafu iliyochelewa. Lakini mlango wa uhamisho uliofunguliwa mwaka 2018, ukapanuliwa mwaka 2021 ili mchezaji ahame na acheze bila kukaa nje msimu mzima, umekuja bila mikataba ya kumfunga yeyote, mchezaji wala chuo, kwa muda wa kutosha watu kumzoea. Tangu mwaka 2006 hodari wa kupindukia walikuwa wakipita chuoni kwa mwaka mmoja tu kabla ya NBA. Sasa hata wale wa kadiri hubadili chuo kila masika. Angekuja Hasheem mwingine leo, akaanguka anguka msimu wa kwanza, huenda asingefika msimu wa tatu mahali pale alipoanguka, na bibi angeandika herufi ya mtu asiyemfahamu.

Julai 2020 Connecticut ilirudi Big East. Kwa bahati mbaya ulikuwa mwaka wa maradhi ya korona, milango ikafungwa. Lakini ilipofunguliwa, na Providence wakaja Hartford, watu walirudi kabla ubingwa haujarudi, na hilo nalishika kuwa ushahidi. Baadaye kocha Dan Hurley akatwaa ubingwa mara mbili mfululizo, mwaka 2023 na 2024, na tiketi zikawa adimu. Nafurahi, tena sana. Ila kiti cha mzee ni kitupu, kwani amekwisha tangulia mbele ya haki, na mkewe hatoki tena usiku wa baridi.

Mjukuu wao huja badala yao, na yeye ameyaelekeza mapenzi yake kwa timu ya wanawake ya chuo kile kile, inayofundishwa na Geno Auriemma tangu mwaka 1985. Hakuniambia kwamba ni kwa ajili ya vikombe, ingawa vipo kumi na viwili. Aliniambia kwamba alimfuatilia Paige Bueckers tangu mchezaji huyo alipoingia mwaka 2020, akaumia goti, akakosa msimu mzima, akarudi, na akaondoka na ubingwa wa 2025, na yeye binti katika muda huo alitoka shule ya kati akafika sekondari. Nchini kote ni hivyo hivyo: fainali ya wanawake ya mwaka 2024, ambamo alicheza Caitlin Clark aliyekaa Iowa miaka minne, ilitazamwa na watu karibu milioni 19, ilhali ile ya wanaume, tuliyoishinda sisi, haikufika milioni 15. Mwezi huu tumenunua tiketi za michezo ya wanawake, viti vya nyuma ya benchi la wageni, na bibi ametaka aletewe karatasi ya majina ya wachezaji ili ajue nani yuko mwaka wa ngapi.