Shika ziwa, shika mlima

Wengi wenu mmetuuliza tulikuwa tunatafuta nini Uvira siku zile tatu, na kama ni kweli kwamba wamama wanne wa Swima wamekuwa madereva. Tulienda wanne. Tulifaulu watatu.

Jambo lilianza usiku mmoja wa mvua. Mwenzetu alishikwa na uchungu, na gari la kubeba mawese lilikuwa limesimama palepale kando ya barabara, tena lina mafuta. Dereva wake alikuwa Baraka kwenye kilio. Mwenye gari, ambaye mwenyewe hajui kuendesha, alituletea ufunguo. Wamama sita tulilizunguka gari lile, ufunguo mkononi, na hakuna hata mmoja aliyejua kuliondoa. Mgonjwa akapelekwa hospitali ya Nundu kwa pikipiki, mama mkwe amemshikilia kwa nyuma, kitenge kimewafunga wote wawili. Mtoto yuko, na mama yake yuko. Lakini ufunguo ule hatukuusahau.

Pesa za masomo tulizitoa kwenye likelemba. Mwenye gari alikubali tujifunze kila siku ya posho jioni, mradi mafuta tununue sisi.

Anayeijua Swima anajua ilivyo nyembamba. Magharibi ni mlima, mashariki ni ziwa Tanganyika, katikati ni barabara moja tu, ile ya kitaifa namba 5 inayotoka Uvira kwenda Baraka. Kupotea huwezi. Kuna mbuzi, kuna watoto wanaotoka kuchota maji, kuna pikipiki zenye bidoni nne, na kuna wale wanaoanika mihogo mpaka kwenye njia ya gari (nasi tumo, tukubali). Kwa hiyo tulianzia kwenye uwanja wa mpira. Tulichora njia kwa majivu, tukasimamisha miti, tukajifunza kurudi nyuma katikati yake bila kuiangusha. Majuma matatu watoto walikuja kutucheka. Juma la nne walichoka.

Shida kubwa ilikuwa ni upande. Kongo tunapita kuume. Lakini wengi wetu tuliishi miaka mingi kambini Nyarugusu, na Tanzania magari hupita kushoto. Mwili umezoea huko. Tena gari lenyewe lilitoka ng'ambo hiyohiyo, volani yake iko kuume. Dereva anakaa upande wa majani, na akitaka kulipita lori, haoni kinachokuja mpaka awe amekwisha kutoka karibu gari zima. Mwenzetu mmoja, mama wa mapacha, mara mbili alitupeleka kushoto bila kujua. Ndipo bibi mmoja muuza ndagala, ambaye hajawahi kugusa volani, akatuambia tuache mambo ya kuume na kushoto. Ukienda Uvira, shika ziwa. Ukienda Baraka, shika mlima. Sisi walimu tulikuwa tumeeleza jambo hilo jioni mbili nzima, na vielelezo ubaoni.

Maneno ya watu hayakukosa. Mzee mmoja aliuliza kama waume zetu wametia sahihi. Tulimjibu kwa heshima kwamba Kanuni ya Familia ya 1987 kweli ilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa mapatano ya kisheria, lakini sheria ya tarehe 15/07/2016 iliiondoa ruhusa hiyo. Alisema hakuisikia. Wamama wengi pia hawakuisikia, ndiyo maana tunaiandika hapa.

Uvira, kabla ya mtihani, kijana mmoja alitujia nje akisema anaweza kutupatia karatasi bila sisi kupanda gari, kwa bei nzuri. Mmoja wetu karibu akubali, maana tumbo lilikuwa linamsokota. Mama wa mapacha akamuuliza kijana: karatasi hiyo itaondoa gari usiku?

Yeye ndiye aliyetangulia. Kwenye barabara kubwa alienda vizuri. Kisha mpimaji akamwambia akate aingie njia ya kupanda juu. Hapo mlima ukawa mbele, ziwa likawa nyuma, na hakuna cha kushika! Akasimama. Mpimaji akanyamaza. Mama akautazama mkono wake anaolia ugali, akaenda upande wa mkono huo. Kwenye njia panda isiyo na alama, gari lilitokea kuume, akaliacha lipite kwanza, kama sheria inavyotaka. Alifaulu.

Aliyeshindwa ni mwalimu anayewaandikia haya. Alama zote za barabara tulizijua kwa moyo, tulijibu bila kosa. Kwenye mteremko tukaambiwa tusimame kisha tuondoke. Tuliachilia freni mapema, gari likarudi nyuma, likazimika, tukaliwasha, likazimika tena. Wanafunzi wetu wamekwisha kusikia. Tutarudi mwezi ujao.

Safari ya kurudi nyumbani, mama wa mapacha ndiye aliyekuwa kwenye volani, dereva wa gari pembeni yake, mlima kuume muda wote. Mwenye gari alikaa nyuma, katikati ya bidoni tupu, ameshikilia kiti kwa mikono miwili bila kusema neno, mpaka Makobola. Kutoka Makobola alilala usingizi.