Kabla ya Kuitupa Kompyuta, Ipime Kumbukumbu Yake

Ndugu msomaji, kompyuta ikiwa nzito si lazima iwe imekwisha. Mara nyingi imepungukiwa na kitu kimoja tu, nacho hupatikana kwa sehemu ndogo ya bei ya kompyuta mpya. Asiyelijua hilo hutozwa mara mbili.

Nyumbani kwetu, Temeke, kompyuta ya mezani ni chombo cha riziki. Mke wangu huchapa barua za maombi ya kazi na kadi za harusi za majirani; jioni binti yetu wa kidato cha tatu huitumia kwa masomo yake. Tuliinunua ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, kama wanunuavyo wengi wetu. Mwaka jana ikawa nzito hata wateja wakachoka kungoja. Fundi mmoja alitushauri tuitupe, tununue mpya. Fedha pekee tuliyokuwa nayo ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi sita. Hapo nikaona kwamba kabla ya kutoa hata shilingi moja, yafaa kwanza kujua ugonjwa.

Kompyuta huweka mambo yake mahali pawili. Diski ni kabati: kilichohifadhiwa humo hubaki hata umeme ukizimwa. Kumbukumbu, ambayo mafundi huiita ramu, ni meza ya kazi: hukaa yale yanayoshughulikiwa sasa hivi, na umeme ukikatika hufutika. Meza ikijaa, mashine hulazimika kupeleka kazi kabatini na kuzirudisha kila mara. Safari hizo ndizo zinazoichelewesha.

Kuipima si kazi ngumu. Katika kompyuta ya Windows, fungua kazi zako za kila siku, kisha bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Utaonyeshwa kiasi cha kumbukumbu kinachotumika. Kama ni nusu tu, usinunue kitu, kwani ugonjwa uko kwingine. Yetu ilikuwa na gigabaiti 4, nazo zilikuwa zimejaa karibu zote.

Katika kuchagua, jambo la kwanza ni aina. Kiwango cha DDR3 kilitolewa mwaka 2007, DDR4 mwaka 2012, na DDR5 mwaka 2020. Aina hizi hazibadilishani: pengo lililo ukingoni mwa kipande liko mahali tofauti kwa kila aina. Hali kadhalika, vipande vya kompyuta za mapajani ni vifupi, navyo haviingii katika zile za kawaida za mezani. Katika duka la kwanza, muuzaji alitaka kunipa DDR4 badala ya DDR3, akidai kwamba ramu zote ni sawa. Kwa kuwa nilikuwa nimeandika aina yetu kwenye karatasi, nilimshukuru nikaondoka.

Tazama pia ubao mkuu una nafasi ngapi, na mtengenezaji ameruhusu kiasi gani. Tena, Windows ya biti 32 ya matumizi ya kawaida haitumii zaidi ya gigabaiti 4, hata ukiongeza. Na ukiweza, chagua vipande viwili vinavyolingana, kwani katika kompyuta nyingi hufanya kazi kwa pamoja na kwa wepesi zaidi. Sisi tuliongeza kimoja cha gigabaiti 4, tukawa na 8.

Wakati wa kufunga, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia ili umeme uliobaki utoke. Kisanduku cha umeme kilichomo ndani usikifungue kamwe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kushika kipande, kwa maana umeme mdogo wa mwilini, usioweza hata kuuhisi, waweza kukiharibu. Kishike pembezoni, fungua vibanio, linganisha pengo, kisha kandamiza pande zote mbili mpaka vibanio vijifunge. Kikikataa, usitumie nguvu, kitazame upya. Ukiisha kuwasha, hakikisha kompyuta inakihesabu.

Kazi yote haikutuchukua robo saa, na binti yetu ndiye aliyeshika bisibisi. Kodi ya nyumba haikuguswa.

Hata hivyo, ndugu msomaji, kumbukumbu si dawa ya kila maradhi. Haiponyi diski iliyochakaa, wala hairudishi huduma za usalama za Windows 10, ambazo kwa kawaida zilikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Lakini wahenga walisema kuuliza si ujinga. Basi fundi akikuambia utupe, muulize kwanza: kinachopungua ni nini, na kinauzwa bei gani? Asipoweza kukujibu, funga mkoba wako.